Shajara ya Mradi: Kuchonga Njia ya Baiskeli kwenye Mteremko wa Usambara Magharibi

14 Agosti 2023: Mahali, nia na ruhusa

Kijiji chetu kiko katika milima ya Usambara Magharibi, juu kidogo ya mji wa Lushoto na nje ya mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Sisi ni kikundi cha watu saba tunaoongoza wageni kwa miguu, na kwa miaka ya karibuni wageni wamezidi kutuuliza kama tuna njia ya baiskeli za milimani. Jibu letu limekuwa kuwapitisha kwenye barabara ya vumbi pamoja na malori yanayoshusha kabichi na viazi, jambo ambalo ni la hatari na halina raha yoyote, ilhali mtu akisimama pale Irente akaitazama tambarare ya Mazinde, karibu mita 1,000 chini ya miguu yake, anaelewa mara moja kwa nini mwenye baiskeli atamani kushuka mlima huu kwa njia iliyo yake.

Tunakusudia kutengeneza njia nyembamba, yenye upana wa sentimita 90, itakayoanzia kwenye shamba la miwati la kijiji na kuishia kwenye daraja la mbao bondeni. Naiandika shajara hii ili wenzetu wa milima mingine, iwe Upare, Uluguru au Taita, waige yatakayofaulu na waepuke yatakayotushinda. Kwa hiyo makosa nitayaeleza kwa urefu, kazi za kawaida kwa ufupi, na gharama nitaziandika zote.

Ruhusa ilihitaji mikutano mitatu. Serikali ya kijiji haikuwa na kipingamizi. Waliosita ni wazee, ambao walitaka kujua kwa nini mlima uchimbwe tena. Swali hilo lina mizizi. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta kwenye miteremko yao, na Wasambaa wakaupinga hadi ukaachwa kabla ya uhuru. Aliyesimuliwa hayo na baba yake hawezi kufurahi akiwaona vijana wamebeba sururu na kusema kwamba wanauboresha mteremko. Mwishowe mkutano mkuu wa kijiji ulitukubalia kwa masharti matatu: njia ibaki wazi kwa mwenda kwa miguu mwenye mzigo kichwani, hakuna mkulima atakayepoteza shamba, na mti uliokomaa usikatwe.

30 Septemba 2023: Mita 700 za kwanza

Tumeifuata njia ya zamani ya miguu inayoshuka moja kwa moja kutoka kwenye miwati. Tuliipanua, tukang'oa mizizi, tukaondoa nyasi na tabaka la juu la udongo kiasi cha sentimita 10 ili tupate ardhi ngumu. Watu sita wamefanya kazi kwa siku kumi, kila mmoja kwa shilingi 8,000 kwa siku, jumla shilingi 480,000. Vifaa vimegharimu shilingi 230,000: majembe sita, sururu nne, machepe matatu na mitaimbo miwili.

Tumeshuka nayo mara tatu kwa baiskeli. Ni kali mno na breki za rimu zinanuka, lakini tulifurahi kupita kiasi, na katika furaha ile hakuna aliyeuliza maji ya mvua yatapita wapi.

4 Desemba 2023: Njia imekuwa korongo

Vuli ya mwaka huu imekuja na El Niño, na mvua za Novemba zilinyesha mfululizo kiasi kwamba hatukuweza kupanda kukagua kwa siku tisa. Tulipopanda, tulikuta mita 60 za katikati zimechimbika kwa kina cha sentimita 40, kingo zikiwa zimekatwa wima kama zimepitiwa na kisu, na chini kabisa, mahali mteremko unapolala, rundo la udongo mwekundu limefunika njia ya kwenda darajani. Sururu moja tuliyoisahau chini ya mti tuliikuta mita 30 chini ya hapo, mpini ukichomoza kwenye tope.

Mzee mmoja jirani, fundi wa mawe ambaye sasa ana zaidi ya miaka sabini, alisimama na mkongojo wake akatazama, kisha akatuuliza kwa upole: "Wajukuu zangu, hapo chini mnamwagilia shamba la nani?"

Makosa yalikuwa mawili, na la pili lilitokana na la kwanza. Njia ile ya miguu inashuka takriban mita 24 kwa kila mita 100, na inafuata uelekeo uleule ambao maji yenyewe yangeufuata. Maji yakishaingia ndani yake hayana sababu ya kutoka, yanaongezeka kasi kila hatua, na kasi hiyo ndiyo inayochukua udongo. Kisha sisi, kwa kuondoa nyasi na kushusha kitako cha njia chini ya usawa wa ardhi ya pembeni, tuliyajengea maji hayo mfereji wenye kingo mbili. Kwa miaka mingi nyayo za watu zilikuwa zimepita pale bila madhara makubwa kwa sababu nyasi ziliushika udongo. Nyasi tulizing'oa sisi.

Tumeiacha kazi yote ya Septemba. Mahali palipochimbika tumeweka vizuizi vya magogo na matawi kila baada ya mita tatu ili mashapo yajae yenyewe, na wenyeji wanapita pembeni.

20 Januari 2024: Kujifunza upya kwa fremu ya A

Yule mzee amekubali kutufundisha. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi na mradi wa SECAP, uliokuwa ukihimiza hifadhi ya udongo na kilimo mseto hapa Lushoto, na huko ndiko alikojifunza kupima kontua, yaani mistari ya usawa kwenye mteremko, kwa ajili ya makinga maji na matuta ya ngazi. Amekataa ujira. Tunampelekea sukari na majani ya chai.

Kabla ya kushika chombo chochote alitukumbusha barabara tunayoipita kila tukienda Mombo, mji ulio chini ya milima. Inapanda takriban mita 1,000, lakini inatumia kilomita 33 kuzipanda, ikizunguka kila kigongo na kuingia kila bonde, kwa wastani wa mita tatu tu kwa kila mita 100. Walioichora wangeweza kuinyoosha. Wangeinyoosha, mvua ya kwanza ingeirudisha Mombo.

Kanuni tuliyoichukua ni hii: njia ipite kwa kuambaa ubavu wa mlima, na mteremko wake usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wenyewe. Ubavu ukishuka mita 30 kwa mita 100, njia isishuke zaidi ya 15, na kwa udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi tumeamua wastani usizidi 7. Sababu ya ile nusu inaeleweka ukimwaga maji: kama njia ina mwinamo mdogo kuliko ubavu, maji yanayotoka juu yanaikatiza na kuendelea kushuka, ikikaribia mwinamo wa ubavu, yanageuka na kuifuata.

Fremu yenyewe ni miti mitatu ya mwati iliyofungwa kwa umbo la herufi A, miguu ikiachana mita mbili kamili, na kamba inayoning'inia kutoka kileleni ikiwa na uzito mwishoni. Ili kupata alama ya usawa, miguu huwekwa juu ya vigingi viwili, mahali kamba inapogusa mti wa kati hupigwa alama, kisha miguu hubadilishana vigingi na alama ya pili hupigwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kwa kuwa sisi hatutaki usawa, tunataka mteremko, tunafunga kipande cha ubao chenye kimo cha sentimita 18 chini ya mguu wa mbele, ule unaotangulia kushuka. Kamba ikilala kwenye alama ya katikati, tunajua tumeshuka sentimita 18 kwa mita mbili, yaani 9 kwa 100.

Atakayeuliza kwa nini 9 ilhali wastani tunaoutaka ni 7, jibu ni vibonde. Kila baada ya mita 17 za kushuka, njia inapanda kidogo, sentimita 12 kwa mita tatu, kisha inaendelea kushuka. Hapo inapogeuka kati ya kushuka na kupanda panabaki kibonde, na maji yoyote yaliyokuwa yakiifuata njia yanashindwa kuupanda ule mwinuko, yanatoka upande wa chini. Mwendesha baiskeli yeye hupaona kama wimbi dogo la kuchezea. Kwa mita 2,400 tunazohitaji, vibonde vitakuwa kama 120.

17 Februari 2024: Siku mbili zilizopotea

Tulipima kwa siku tisa, na siku mbili za kwanza zilikuwa bure. Alama ya usawa tuliipiga nje, siku yenye upepo, tukitumia kijiwe chepesi kama uzito. Kamba ilikuwa ikiyumba nasi tukakisia katikati yake. Vigingi 120 vya mwanzo vilionekana vizuri hadi mmoja wetu alipokaa kwenye kigingi cha 40 na kugundua kwamba kile cha 50 kiko juu ya usawa wa macho yake mahali ambapo kilipaswa kuwa chini. Tulirudia kazi ya kupata alama ndani ya nyumba, tukaning'iniza chupa ya nusu lita iliyojaa maji, na tangu hapo kila asubuhi tulihakiki fremu kabla ya kuanza, kwa sababu kamba za kufungia hulegea zikilowa umande.

Simu haikutufaa. Programu ya kupima mwinuko ilitoa tofauti ya mita 212 kati ya mwanzo na mwisho siku ya kwanza, na mita 158 siku ya pili, bila mlima kuwa umehama. Hesabu ya fremu inatoa kama mita 170, na hiyo ndiyo tunayoitumia.

Mstari umehamishwa mara nne kukwepa mashamba na mara moja kukwepa mkulo mchanga ambao hakuna aliyetaka kuukata mizizi. Vijana wawili wamelipwa siku tisa, shilingi 144,000. Vigingi tumeviacha, vimepakwa chokaa, na kazi imesimama kupisha masika.

8 Julai 2024: Mita 600 za kwanza, mara ya pili

Watu kumi kwa siku tano, shilingi 400,000. Kila mtu alimaliza mita 12 kwa siku, kasi ambayo ilipaswa kututia shaka.

Tulichofanya ni kuchimba nusu tu ya upana wa njia ndani ya mlima, na udongo uliotoka tukaumwaga upande wa chini, tukaushindilia kwa machepe, na kuuhesabu kuwa ndiyo nusu ya pili. Kwa macho ilikuwa njia kamili. Baada ya wiki mbili, na bila mvua kubwa, ukingo wa nje ulianza kupasuka kwa urefu, ufa mwembamba unaoingia kidole, na baiskeli ya nne kupita ilishuka na kipande cha njia hadi kwenye magugu. Mwendeshaji hakuumia, alikuwa akienda taratibu, na magugu yalimpokea vizuri.

Udongo uliochimbwa haurudi kuwa ardhi kwa kupigwa chepe. Unahitaji misimu kadhaa ya mvua ili ukae, na kwenye ubavu mkali haupewi misimu hiyo. Tulirudi tukaichimba njia upana wake wote, sentimita 90, ndani ya ardhi ambayo haijaguswa, na udongo wote ukatupwa mbali. Marudio yamechukua siku-kazi 35 (siku-kazi moja ni kazi ya mtu mmoja kwa siku moja), shilingi 280,000, yaani zaidi ya theluthi mbili ya gharama ya mwanzo.

Hapo kwenye kutupa udongo nako tulikosea. Siku moja, kikosi kilichokuwa juu kilitupa bila kutazama, na mistari sita ya maharage ya mama mmoja ikafunikwa. Alikuja kimya, akasimama hadi tulipomwona. Tulimlipa shilingi 40,000 mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tukafukua kilichoweza kufukuliwa, na tangu siku hiyo mtu mmoja hukaa chini ya kila kikosi kazi yake ikiwa kuelekeza udongo uangukie wapi.

29 Agosti 2024: Mita 1,800 zilizobaki

Kazi imekwenda kwa mita nane kwa mtu kwa siku, siku-kazi 225, shilingi 1,800,000. Toroli na nyundo ya mawe vimeongeza shilingi 128,000.

Jambo moja linahitaji maelezo. Kitako cha njia lazima kielemee kidogo upande wa bonde, kama sentimita 4 hadi 5 kwa upana wa sentimita 90, ili maji yatoke pembeni kabla hayajafika hata kwenye kibonde. Vijana wetu, kwa tabia ya jembe, walikuwa wakivuta udongo kuelekea nje na kuacha kituta chembamba ukingoni, kimo cha vidole viwili tu. Kituta hicho kinaharibu kila kitu, kwa sababu kinayafungia maji ndani. Maneno hayakusaidia sana. Kilichosaidia ni chungwa: kila mita 10 kiongozi wa kikosi aliliweka karibu na ukingo wa juu na kuliachia, na kama halikuvuka njia kwa mshazari na kuangukia upande wa chini, kipande hicho kilichongwa upya. Machungwa mengi yalipotea bondeni, na nashuku si yote yaliyopotea kwa bahati mbaya.

5 Oktoba 2024: Kona tano

Njia inayoambaa ubavu lazima igeuke mahali fulani, na yetu inageuka mara tano. Tulizichimba kona zote kama mikunjo ya kawaida, njia ikigeuka huku ikishuka. Majaribio ya wiki moja yalitosha kuonyesha kosa. Katikati ya kona, kwa mita mbili au tatu, njia inashuka kwa mwinamo wa mlima wenyewe, na kwenye ubavu unaoshuka 40 kwa 100 hakuna mwendeshaji asiyeshika breki ya nyuma hadi gurudumu likakwama. Tairi lililokwama linakwangua kama reki. Kona ya tatu ilichimbika sentimita 15 kwa siku nne, na kila mtu aliyepita alisogea ndani zaidi kukwepa shimo, hadi kona ikaanza kujikata kuwa njia ya mkato.

Kona mbili tumezihamishia kwenye migongo ya vigongo, ambako ardhi inalala zaidi, na huko mikunjo ya kawaida inatosha. Tatu hazikuwa na pa kuhamia, na hizo zimehitaji majukwaa: mahali pa kugeukia pawe karibu na usawa, pakishikiliwa upande wa chini na ukuta wa mawe bila saruji.

Ukuta ulijengwa na yule mzee, safari hii kwa ujira wa fundi, shilingi 20,000 kwa siku, kwa siku 14, akiwa na wasaidizi wawili. Jumla shilingi 504,000. Nilimsaidia kwa siku tatu na nikaona mambo ambayo nisingeyajua kwa kutazama ukuta uliokamilika. Msingi ulichimbwa hadi kwenye ardhi ngumu na kuinamishwa kuelekea mlimani. Mawe makubwa kabisa yalikwenda chini, ingawa sisi tulitaka kuyaweka juu ili yaonekane. Kila jiwe lililazwa urefu wake ukiingia ndani ya mlima, uso mfupi ukitazama nje, na maungio ya safu moja hayakuruhusiwa kukutana na ya safu iliyo chini yake. Ukuta unaegemea mlima, kiasi cha sehemu moja kwa kila sita za kimo, na nyuma yake pamejazwa kokoto ili maji yapenye badala ya kuusukuma. Kila alipokamilisha safu aliipanda, akatembea juu yake huku na huko, na jiwe lililotikisika hata kidogo lilitolewa. Kuta zina kimo cha kati ya sentimita 50 na 80. Alitukataza kuweka saruji hata kwenye safu ya juu, akisema ukuta usiopumua hupasuka.

Kabla ya kila kona, mita tano juu yake, tumeweka kibonde kikubwa kuliko vingine, ili maji yasifike kwenye jukwaa. Wapanda baiskeli tunawaagiza wamalize kushika breki hapo kwenye kibonde, kisha waingie kona magurudumu yakizunguka. Wengi wanatii baada ya kuanguka mara moja.

23 Novemba 2024: Bodaboda

Hili hatukulipangia. Njia ilipokamilika, vijana wa bodaboda waligundua kwamba ni fupi kuliko barabara yao ya shambani na haina mashimo, wakaanza kushusha magunia ya viazi. Pikipiki yenye gunia mbili inaacha mfuo katikati ya njia, na mfuo ni mfereji: kwa mvua chache za vuli hii, ambayo kwetu imekuwa hafifu, vibonde 11 vilipoteza kazi yao kwa sababu maji yalipita ndani ya mfuo hadi upande wa pili wa mwinuko.

Tuliweka lango la mbao lenye nafasi ya sentimita 70, shilingi 65,000. Lilikuwa kosa la aibu. Usukani wa baiskeli za milimani za siku hizi ni mpana kuzidi nafasi hiyo, kwa hiyo mgeni wetu wa kwanza alikwama pale ambapo bodaboda mjanja aliinamisha usukani akapita. Kibaya zaidi, akina mama waliobeba kuni walilazimika kutua mizigo na kuipitisha kwa ncha, jambo lililovunja sharti la kwanza la mkutano wa kijiji. Tuliling'oa siku ya nne, kabla hatujaitwa.

Ndipo tulipofanya tulichopaswa kukifanya mwanzo, yaani kwenda kijiweni kwao kuwauliza. Jibu lilikuwa rahisi: barabara ya shambani ilikatwa na masika mahali pamoja tu, kwenye kijito, na tangu hapo hawakuwa na pa kupita na mizigo. Kijiji kiliitisha msaragambo, watu zaidi ya 30 wakajitokeza kwa siku mbili, tukajaza mawe kijitoni na kulaza magogo, nasi tukagharimia chakula, shilingi 70,000. Kwenye mwanzo wa njia yetu tumepanga mawe kama ngazi moja yenye kimo cha sentimita 35, ambayo mwenye mzigo kichwani huipanda bila taabu, mwenye baiskeli huiinua, na mwenye pikipiki yenye magunia huiona si stahili yake. Mwenyekiti wa kijiwe amekuwa mlinzi wetu mkali kuliko sisi wenyewe.

25 Januari 2025: Majani

Mnamo Desemba tulipanda majani ya Guatemala kwenye ukingo wa chini, kwa mita 300 zenye ubavu mkali, kama yanavyopandwa kwenye makinga maji ya mashamba. Miche tulipewa bure. Vibarua wanne kwa siku tatu walilipwa shilingi 96,000. Kufikia katikati ya Januari karibu yote yalikuwa yamekatwa kwa ajili ya ng'ombe, mengine yameng'olewa na shina, kwa kuwa kiangazi kilishaanza na malisho yalikuwa haba.

Hatukumtafuta mkosaji. Tumegawa ukingo kwa kaya 14 zilizo jirani, kila kaya ipande kipande chake na ivune yenyewe, kwa makubaliano kwamba haitavuna hadi majani yafikie kimo cha kiuno na haitakata chini ya kiganja kimoja kutoka ardhini. Watapanda masika yakianza. Kwetu gharama ni sifuri, na sasa kila mita ina mwenyewe.

14 Juni 2025: Baada ya masika

Wakati wa mvua tuliifunga njia kwa baiskeli, kwa sababu udongo wetu ukilowa unashika tairi hadi gurudumu halizunguki, na kila tairi linaondoka na kilo kadhaa za mlima. Wakati mvua kubwa mbili zikinyesha, mimi na mwenzangu tuliitembea njia yote na miavuli, tukitazama maji yanaingia wapi na yanatoka wapi. Pesa zote tulizotumia hazikutufundisha kama ile saa moja na nusu ya kulowa.

Vibonde vingi vilifanya kazi. Tisa vilikuwa vimejaa mashapo hadi maji yakavuka, na vyote tisa viko chini ya miti, ambako majani makavu huziba mdomo wa kutokea. Hivyo tumevipanua mdomo hadi upana wa machepe matatu na kuvipangia usafi kila mwisho wa mwezi. Kuta tatu za mzee hazikusogea. Ukingo wa ndani umeporomoka mahali panne, kila pahali pakiwa ni pale tulipoukata wima ili kuokoa muda; tumeulaza. Mahali maji yalipokatiza kutoka kwenye kishamba cha juu tumetandika mawe bapa, tukiyasimamisha kwa ubavu kama vitabu kwenye rafu, kwa mita nne. Marekebisho yote yamechukua siku-kazi 18, shilingi 144,000. Majani ya Guatemala yameshika kwenye vipande vya kaya 12 kati ya 14.

Jumla ya gharama hadi leo ni shilingi 4,381,000 kwa mita 2,400, kiasi cha shilingi 1,825 kwa mita. Ndani yake, shilingi 961,000 zimepotea kwa makosa niliyoyaandika humu: vibarua wa Septemba 2023, marudio ya Julai, maharage, lango na majani ya kwanza. Muda wa mikutano na msaragambo sijauweka bei.

Bado kuna kipande kimoja kinachotushinda. Kati ya kigingi cha 860 na cha 880, mita 40, kuna unyevu unaotoka chini ya njia yenyewe, si juu yake, na hauishi hata leo, wiki tatu baada ya mvua ya mwisho. Hatukuuona tulipopima Februari, kwa kuwa tulipima wakati wa ukame. Nyayo za ng'ombe zimegeuza mahali hapo kuwa tope, na kupanua njia hakusaidii, kunaongeza tope tu. Yule mzee anashauri tusishindane na chemchemi. Tupandishe mstari mita sita juu yake, tukitumia mita 90 mpya, ingawa itabidi tupite ukingoni mwa shamba la yule mama wa maharage. Jumanne jioni tutakwenda kumwomba, na safari hii tutakwenda kabla ya kushika jembe.